Upande wa Nyuma wa Pazia

Jumapili, 4 Oktoba 1987. Same.

Nimefika juzi kutoka Vudee na lori la mbao, mgongo bado unauma. Daftari hili nimepewa na mke wa mchungaji. Alisema, "Mama Asnath, wasiwasi wako uandike, usimlishe mtoto mwenye mimba." Basi naandika. Shule yangu ni darasa la nne na lile la watu wazima, atakayesoma asicheke mwandiko.

Asnath binti yangu ana miezi saba. Mimba ya kwanza ilitoka, na mama wa mumewe ni marehemu, ndiyo maana nimeshuka mimi ingawa si desturi mama kwenda kukaa kwa mkwe. Mumewe anaitwa Eliamini. Ni opereta wa sinema, yaani ndiye anayeendesha mashine ya kuonyesha picha. Wanaishi vyumba viwili uani, nyuma ya jumba la sinema la Shengena. Mimi nimepewa stoo, mlango wake unaangalia upande mwingine ili tusikutane uso kwa uso. Kwetu mama na mkwe wake hawali pamoja, hawapeani mkono, hawatazamani. Akitaka kuniambia neno anamwambia Asnath, na mimi hivyo hivyo. Nikisikia kikohozi chake najificha. Naye akisikia kandambili zangu anageukia ukutani kama mwizi.

Kule nyumbani nimemwacha mwanangu Gideoni na maharage ya mbegu. Mvua bado.

Jumanne, 6 Oktoba.

Joto. Nimepika makande, mkwe amekula sahani mbili. Nimeambiwa.

Jumamosi, 10 Oktoba.

Leo ilikuwa siku ya picha. Wanaonyesha Jumamosi tu, saa kumi. Nilikaa stoo na mlango nimeufunga, lakini sauti zote zinapita ukutani. Bunduki, farasi, halafu watu wanapiga miluzi kama wamepagawa. Nikajiuliza, hivi mwanaume mzima mwenye mke mjamzito anaitaje hii kazi? Baba yake alikuwa mwinjilisti.

Nilimuuliza Asnath kama picha huwa mpya. Akacheka. Anasema zamani zilikuja kwa treni kutoka Dar kila wiki, zikaacha kuja miaka ya shida, pesa za kigeni zilipokwisha. Zimebaki nne tu, za zamani sana, na ndizo wanazozungusha miaka mitano sasa. Majina yake yameshasahaulika. Watu wanasema tu Ya Farasi, Ya Treni, Ya Mfalme Kipofu na Ya Dada Wawili, hiyo ya Kihindi.

"Na watu wanalipa kuona kitu walichokwisha kukiona?"

"Mama, na wewe si unaimba tenzi zile zile kila Jumapili?"

Mtoto akisubiri kuwa mama anapata ulimi.

Jumanne, 13 Oktoba.

Sijalala vizuri na sitaki Asnath ajue.

Kuna kijana anaitwa Novatus, rafiki yake Eliamini, ndiye anayekata tiketi mlangoni. Mrefu, anavaa kofia hata ndani ya nyumba. Ananiamkia "shikamoo mama" vizuri, lakini simpendi. Leo yeye na Eliamini walikaa nje ya dirisha la stoo, hawakujua nipo.

Novatus akasema, "Bi Safia akilikodisha jumba, wewe utakula nini? Mkanda wa sinema?"

"Hajasema atalikodisha."

"Atasema. Rogers anataka pa kuweka mitumba na saruji, na ana pesa. Siku hizi biashara imefunguliwa, ndugu yangu, hakuna mtu anayeacha jumba kubwa vile lilale na popo. Twende Mererani. Watu wanachimba yale mawe ya buluu, wanarudi na pikipiki."

"Na Asnath?"

"Si ana mama yake? Msimu mmoja tu."

Eliamini akanyamaza. Kunyamaza kwake ndiko kumeniumiza. Kwa sababu msimu mmoja ndilo neno alilolisema baba yake Asnath mwaka sabini na tatu, alipoteremka kwenda mashamba ya mkonge. Nilimfungia viazi vya njiani. Asnath alikuwa na miaka mitano, akamsindikiza mpaka kwenye ndiva, pale tunapokinga maji ya shamba. Msimu ule haujaisha mpaka leo.

Jumamosi, 17 Oktoba.

Nimeingia sinema. Mungu anisamehe, au asinisamehe, maana sijutii.

Asnath ndiye aliyenivuta. Nikamwambia, nitakaaje chumba kimoja na mkwe? Akasema, "Yeye yuko juu kwenye kijumba chake, wewe uko chini, na taa zimezimwa. Kuna heshima gani zaidi ya hiyo?" Nikaona ana hoja. Nikajifunika kanga mbili.

Sikujua kama Same kuna nyumba kama ile. Nje nilishaona nguzo zake na rangi iliyobanduka, nikadhani ni hivyo hivyo tu. Kumbe ndani kuna ngazi pande mbili zinazopanda kama mikono inayokupokea. Ukutani kuna maua ya plasta, mengine yameanguka lakini yaliyobaki yana hata mishipa ya majani. Viti ni vyekundu vya kukunjika. Juu ni dari refu kuliko la kanisa letu. Mbele kuna jukwaa, na ukutani mwa jukwaa limetundikwa pazia kubwa la kitambaa cha marekani, jeupe la zamani, sasa lina rangi ya chai.

Ilikuwa Ya Treni. Haina rangi, na Kiingereza chake sikielewi, lakini sikuhitaji. Kuna mama mmoja ana mkoba mdogo, kila siku anakwenda stesheni. Treni inafika, watu wanashuka, wanakumbatiana, yeye anatazama kila dirisha. Halafu anarudi nyumbani, anaweka sahani mbili. Kesho tena. Uso wake ulikuwa mkubwa kama nyumba. Sijawahi kuona uso wa mtu mwenye huzuni ukiwa mkubwa hivyo, bila mtu kumwambia ajikaze. Nililia mpaka kanga ya juu ikalowa, na hakuna aliyenigeukia, maana nao walikuwa wanalia, wanaume na kofia zao, na wameshaiona mara hamsini.

Nilipoinua macho kupumua nikaona ule mwanga. Unatoka kwenye kitundu nyuma, unapita juu ya vichwa vyetu vyote, vumbi linachezacheza ndani yake. Nikasema moyoni, huyo ni mkwe wangu. Yule mama wa stesheni anatoka mikononi mwake.

Usiku huu nimemwambia Asnath amwambie mumewe kwamba mama amesema ahsante. Akarudi akasema, "Amesema ahsante na yeye, halafu amekwenda kunawa uso."

Jumanne, 20 Oktoba.

Mawingu yamekaa juu ya mlima Shengena, hapa chini hata tone. Gideoni ametuma salamu kwa watu wa lori: kwetu yameanza manyunyu.

Ijumaa, 23 Oktoba.

Bi Safia amekuja uani. Ni mama wa makamo ya bibi, mnene, mguu mmoja unamsumbua. Marehemu mume wake ndiye aliyejenga jumba miaka ya hamsini. Nilimwamkia, akaitikia vizuri, akaniuliza habari za milimani. Halafu akamwambia Eliamini, na mimi nikiwa nyuma ya mlango wa jiko:

"Mwanangu, nimekuwa mvumilivu. Rogers anataka jibu mwisho wa Novemba. Nitakuja kuangalia na yeye Jumamosi moja. Nikikuta jumba lina watu, tutazungumza. Nikikuta popo, nitampa ufunguo."

Kwa hiyo ni hivyo. Jumba likifungwa, Eliamini anapanda basi na Novatus. Nimepika mboga nikasahau chumvi.

Jumamosi, 31 Oktoba.

Watu kumi na mmoja. Novatus anasema wengine wamekwenda baa ya Rogers, kuna video ya karate, na picha ni safi. Asnath anasema hapa uso wa yule mama wa stesheni siku hizi unaonekana kama una ndui, maana pazia limejaa madoa ya popo na vumbi la miaka thelathini.

Nimelifikiria hilo pazia siku nzima.

Jumapili, 8 Novemba.

Kanisani kwetu Vudee mimi ndiye ninayefua vitambaa vya madhabahu. Nimefua miaka kumi na sita. Nachemsha na sabuni ya mche, nasuuza mara tatu, ya mwisho kwa buluu kidogo. Mchungaji mwenyewe alishasema vinang'aa mpaka anashindwa kusoma.

Nikamwambia Asnath, "Mwambie mwenzio nataka kumfulia lile pazia kabla Bi Safia hajaja."

Akaenda. Akakawia. Akarudi akasema, "Amesema kama mama ameamua, sawa."

Nimefurahi. Angalau nina la kufanya na mikono hii.

Jumanne, 10 Novemba.

Maji mkokoteni mzima. Eliamini na Novatus walilishusha pazia alfajiri, wakaliacha uani wakaondoka ili nifanye kazi kwa nafasi. Nimelichemsha kwenye pipa kipande kwa kipande, Koleta akanisaidia. Huyu Koleta ni jirani, anauza ndizi sokoni, ana mtoto wa miezi minne mgongoni. Anasema hajaona picha tangu aanze kuzaa, mlangoni wameandika watoto wachanga hawaruhusiwi, na yeye daima ana mtoto mchanga.

Maji ya kwanza yalitoka meusi kama ya kuoshea mkaa. Ya tatu yalitoka safi. Tumelianika ukuta mzima wa uani. Watu wa barabarani wamesimama kuangalia. Limekuwa jeupe, macho yanauma. Leo nitalala.

Jumatano, 11 Novemba.

Nimeharibu. Naandika polepole.

Mchana walilitundika. Mimi nilikuwa stoo nasubiri kusikia wakishangilia. Sikusikia kitu. Halafu Asnath akaja ameshika tumbo kwa mikono miwili, akasema, "Mama, pazia limepungua."

"Limepunguaje?"

"Limenywea. Kila upande futi moja na zaidi. Wamewasha mashine kujaribu, picha inamwagika ukutani."

Nilikwenda kuangalia wanaume walipotoka. Kweli. Marekani ile ilikuwa haijawahi kuona maji tangu itoke dukani, na mimi nimeichemsha. Vitambaa vya madhabahu vilishapungua zamani, kabla sijaanza kuvifua mimi. Sikuwaza. Mwanamke mzima, sikuwaza.

Nikamuuliza Asnath kama mumewe ana hasira. Akatazama chini.

"Hana hasira. Anasema alijua."

"Alijua nini?"

"Kwamba maji ya moto yatalipunguza. Opereta wa zamani alimwambia lifutwe kwa brashi kavu tu."

"Alijua akanyamaza?"

"Angesemaje, mama? Wewe ni mkwe wake. Mtoto wa watu atakuambiaje usifue?"

Nikakaa chini palepale sakafuni. Yaani heshima yake ndiyo iliyonipa kuni za kuchemshia riziki yake. Kama angekuwa hana adabu, tungekuwa na pazia.

Jioni nikamsikia Novatus: "Hata Mungu anakuonyesha njia, Eli. Mimi nimeshauliza nauli." Na Asnath ameniambia, bila kulia, na hilo ndilo baya, kwamba mumewe ametoa begi chini ya kitanda.

Alhamisi, 12 Novemba.

Leo kumetokea jambo, nataka kuliandika lote.

Asubuhi nilichukua shuka langu jeupe la kulalia, nikaingia jumbani kupima kama naweza kulichana nikaunga pembeni mwa pazia. Asnath alikuja nami, akakaa viti vya mbele apumzike. Mlango ulikuwa umefungwa, giza. Nikapanda jukwaani. Sikujua kwamba Eliamini alikuwa juu kwenye kijumba chake. Mara mashine ikaanza kunguruma, mwanga ukaja, na mama wa stesheni akatokea ukutani, mabega yake yamemwagika nje ya pazia pande zote.

Halafu nikasikia kikohozi. Ameacha mashine inakwenda, anashuka ngazi kuja kuangalia.

Pa kujificha hapakuwepo. Nikainua shuka kwa mikono miwili mbele ya uso wangu nisionane naye, nikaanza kutembea hivyo hivyo kuelekea ngazi za jukwaa, kama mtu anayebeba mlango. Hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Mama," Asnath akasema, "simama hapo hapo."

"Nisimame vipi, mumeo anakuja?"

"Simama. Uso wake umekuwa mdogo. Kwenye shuka lako. Ukutani alikuwa mkubwa, hapo ni mdogo."

Nikasimama. Nasikia mashine tu na mikono inaniuma. Kisha sauti ya mwanaume, karibu kabisa, upande wa pili wa shuka, imetoka taratibu kama mtu anayeweka yai.

"Mama, samahani. Ongeza hatua moja mbele."

Alikuwa anasema na mimi. Miaka miwili ni mkwe wangu, hiyo ndiyo mara ya kwanza. Lakini hanioni, simwoni, kuna shuka katikati na uso wa yule mama juu yake. Nikaongeza hatua.

"Hapo," akasema. "Hatua nne. Pazia likija hapo, picha yote inaingia. Sisi tulilitundika ukutani kwa sababu tulilikuta ukutani."

Nikamjibu. Nilisema, "Baba, nimekuharibia."

"Hujaharibu, mama. Ni mimi niliyenyamaza."

"Siku nyingine usininyamazie jambo la kazi yako."

"Sawa, mama."

"Hata kama ni mimi."

"Nimesikia."

Asnath alikuwa anacheka peke yake kwenye kiti mpaka nikaogopa kwa ajili ya tumbo.

Mchana Novatus amekata miti minne, akatengeneza fremu ya kulishikilia pazia mbele ya jukwaa. Amepanda bila ngazi, kofia kichwani, wala hakuomba kitu. Nimempelekea chai. Amesema, "Mama, mimi nataka tu kuondoka, sitaki jumba life." Sikulijua hilo.

Jumamosi, 14 Novemba.

Ya Treni. Kwa vile pazia limesogea, nyuma yake jukwaani pamebaki nafasi ya kutandika mikeka mitatu, na kuna mlango wa uani. Eliamini akamtuma Asnath: mama akitaka, akae pale nyuma, hataonekana na mtu. Nikakaa. Kumbe picha inapenya. Kila kitu kimegeuka, treni inatoka upande usio wake, mama wa stesheni anapunga mkono wa kushoto, lakini uso ni ule ule. Na maandishi yamekaa kinyume, ambayo kwangu ni mamoja, Kiingereza sikisomi mbele wala nyuma.

Katikati nikamkumbuka Koleta. Nikapita mlango wa uani nikamwita na mtoto wake. Mtoto akilia, anatoka naye nje hatua mbili, anarudi. Hakuna aliyesikia.

Jumatano, 18 Novemba.

Koleta amesema sokoni. Leo wamekuja akina mama saba kuuliza kama nyuma ya pazia kuna nafasi.

Jumamosi, 21 Novemba.

Siku ndefu. Mikono inanuka mvua.

Bi Safia alifika saa tisa na nusu na Rogers. Huyo Rogers ni kijana safi, miwani, anatembea akigonga kuta kwa kidole. Nilisikia anasema hapa patakaa mifuko elfu mbili. Wakakaa kule juu.

Mbele watu sitini, Novatus kawahesabu. Nyuma ya pazia sisi kumi na wanne na wachanga tisa. Ilikuwa Ya Dada Wawili. Ni dada wawili, mmoja kaolewa na tajiri mbali, mwingine kabaki na mama yao mgonjwa, na yule wa mbali anarudi na wakili kuchukua nyumba ya urithi. Kila mtu Same anaijua.

Dada aliyeolewa na tajiri ndiyo kwanza anashuka kwenye gari, mvua ikaanza. Vuli yenyewe, iliyongojwa tangu Septemba, imekuja yote kwa mara moja juu ya bati la Bi Safia. Hata mtu wa pembeni humsikii. Dada wanafungua midomo na hakuna neno. Nikajua tumekwisha. Mvua niliyoiombea maharage ndiyo inayomfukuza mkwe wangu.

Sasa sijui nani alianza. Nadhani mzee mmoja mbele, maana ilikuwa sauti nene. Yule wakili kwenye picha alipofungua mdomo, mzee akasema kwa nguvu, juu ya mvua, "Nyumba hii ni yangu, toa virago." Watu wakacheka. Dada maskini akafungua mdomo, na mbele wanaume wakanyamaza, maana hakuna aliyetaka kuwa mwanamke. Koleta akasimama, mtoto mgongoni, akamjibu kutoka nyuma ya pazia, "Nyumba yako, na mama ni wa nani? Mbona yeye huji kumdai?"

Jumba lilitikisika. Basi ikawa hivyo. Wanaume mbele wakawa wakili na mume na kaka, sisi nyuma tukawa dada wawili na mama. Kihindi ambacho hakuna aliyekielewa miaka yote kikawa Kiswahili, na sehemu nyingine Kipare kabisa. Matusi ya kistaarabu, vichekesho, majibu ya sokoni. Mimi nilikuwa mama mgonjwa. Nilisema nini sikumbuki vizuri. Nilimwambia yule binti wa mbali kwamba chumba chake sijakigusa, nafagia kila wiki. Nikaona kupitia pazia kivuli cha mtu aliyesimama mbele anafuta macho.

Wakati dada wale wanapatana, mlango wa uani ukafunguliwa, akaingia Bi Safia, kalowa bega. Tukataka kusimama. Akasema, "Kaeni, kaeni." Akavua viatu, akakaa mkekani kwa shida na mguu wake, akapakata mtoto mmoja asiyemjua. Mwisho akaniambia sikioni:

"Ile kanuni ya wachanga aliweka mume wangu. Nimezaa sita. Miaka kumi na minane nilikaa nyumbani, yeye akirudi ananisimulia. Na alikuwa hajui kusimulia."

Rogers alikuwa ameshaondoka. Mvua ilimharibia viatu.

Jumatatu, 23 Novemba.

Bi Safia bado hajasema. Gideoni amepanda. Uani matope.

Ijumaa, 27 Novemba.

Mtoto wa kike, jana mchana, hospitalini, uchungu kwa muda wa saa tisa. Asnath mzima. Mtoto mzima, ana vidole vyote, nimehesabu mara tatu na nesi akanicheka. Wamemwita Rogathe, ambalo ni jina langu. Eliamini alisimama dirishani kwa nje, mimi ndani, nikamwonyesha mtoto nikiwa nimegeuza uso kando. Aliangalia muda mrefu.

Jumatatu, 30 Novemba.

Bi Safia amekuja kumwona mtoto, na vitenge viwili. Amekunywa chai yote ndipo akasema.

"Jumba nitaliacha sinema mwaka mmoja. Rogers nimempa stoo ya uani na ule uwanja, aweke saruji yake."

Stoo hiyo ndimo ninamolala mimi. Nikasema ahsante sana, mimi narudi kwangu kupalilia. Tukacheka wote.

Lakini Eliamini hakucheka. Alishukuru vizuri, kwa adabu. Mshahara ni ule ule, mdogo, na picha ni zile nne. Kesho alfajiri ndiyo siku ambayo Novatus amekata tiketi ya basi, na Asnath anasema zilikatwa mbili. Begi bado halijarudishwa chini ya kitanda. Nimemuuliza Asnath, mumeo amesemaje? Akasema, "Hajasema, na mimi siwezi kumuuliza. Nikimuuliza atabaki kwa ajili yangu, halafu atanichukia."

Kumbe mwanangu ana akili kuliko mimi. Mimi sikumuuliza baba yake, lakini kwa sababu niliogopa tu.

Jumanne, 1 Desemba.

Niliamka mapema kupika uji wa mzazi. Nikasikia lango, nikasikia viatu vya Novatus, nikazima redio aliyoniazima Koleta iliyokuwa dirishani. Jiko liko ukuta mmoja na chumba chao.

"Eli. Gari linaondoka saa kumi na mbili na nusu."

Mtoto akalia kidogo, akanyamazishwa. Mlango ukafunguka.

"Nenda salama, ndugu yangu," Eliamini akasema. "Mimi Jumamosi nina picha."

"Na tiketi?"

"Mpe mwenye safari."

Novatus akasimama pale. Nilimwona kwenye ufa wa mlango, kavua kofia kwa mara ya kwanza, kichwa kidogo, cha kitoto kabisa. Sikuwa nimewahi kufikiria yeye ana miaka mingapi, wala kwamba huko kwao Chome kuna mtu aliyemfungia viazi vya njiani.

Nikaongeza maji kwenye sufuria. Nikamwambia Asnath kupitia ukutani, "Mwambie mwenzio amzuie huyo kijana. Hasafiri mtu na tumbo tupu hapa."

Novatus alikula bakuli mbili, mlangoni, amesimama.